Jina Jema la Hospitali na Daftari la Madeni



Akina mama wenzetu wa Kinakomba, watoto wetu walioko Ghuba wametushauri akiba ya chama chetu, itokanayo na maembe na mpunga, tuinunulie hisa za kampuni ya hospitali. Hoja yao inapendeza: maradhi hayaishi, na kutibu ni kazi ya kheri. Tumelijadili kwa vikao viwili, tukaafikiana kwamba wema wa kazi si dhamana ya mali.

Tuitazame NMC Health. B. R. Shetty aliianzisha Abu Dhabi mwaka 1975. Mwaka 2012 hisa zake zikaingia soko la London, na kufikia 2017 ilihesabiwa miongoni mwa kampuni 100 kubwa za soko hilo. Disemba 2019 Muddy Waters, kampuni ya uchunguzi ambayo nayo ilinufaika bei ya hisa ikishuka, ilizitilia shaka hesabu zake: bei za mali zilizonunuliwa, fedha taslimu na madeni. Muda si mrefu deni lililotajwa kuwa takriban dola bilioni 2.1 likabainika kuwa dola bilioni 6.6. Aprili 2020 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi. Wagonjwa waliendelea kutibiwa. Wenye hisa walitoka mikono mitupu.

Kwa hiyo tumejiwekea maswali matatu. Je, faida iliyoandikwa imeingia mkononi, au ingali ahadi? Hapa Kenya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na hospitali za binafsi zimelalamika mara nyingi kuhusu malipo yanayochelewa; tiba imekwisha kutolewa, lakini dawa na mishahara vinataka fedha leo. Je, deni ni kiasi gani, na lina riba? Hospitali ni halali, ila mkopo wake waweza kuwa na sumu. Je, wakurugenzi wanauziana mali wao kwa wao?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha. Basi atakayetuletea hisa, atuletee na hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, tuzisome pamoja na binti zetu waliosomea uhasibu. Hadi hapo, akiba ya wajane na mayatima haitatoka sandukuni.

Wabillahi tawfiq.