Mtoto Hali Ngano Wala Maziwa, na Bathdei Ni Jumamosi

Sijui nani alituambia ati chakula kisicho na gluteni ni cha watu wa Karen. Manze, angalia sufuria ya shosho yako. Ugali wa mahindi hauna gluteni. Wimbi, mtama, muhogo, nduma, viazi vitamu, mchele, maharagwe, vyote havina. Iko kwa ngano, shayiri na rai. Na ngano ya biashara ilianza kulimwa huku kwetu na walowezi, kina Delamere kule Njoro, mwanzoni mwa karne iliyopita. Chapati tumeizoea tu.

Nasema hivi kwa sababu mpwa wangu ametimiza miaka 6 na mimi ndiye niliyepewa jikoni. Ana ugonjwa wa siliaki: akila gluteni, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo mdogo. Maziwa nayo hayawezi. Kipande kimoja cha keki ni siku kadhaa za tumbo kuuma na shule kukosa. Kwa hivyo ile ya "muonjeshe kidogo tu" haipo.

Kupanga menyu kulichukua dakika kumi. Pilau ya kuku, kachumbari, mshikaki, viazi karai vya unga wa dengu, bisi, mabuyu, matikiti, maji ya ukwaju. Biriani niliiacha kwa sababu ya mtindi. Hakuna mtoto angeangalia hiyo meza aseme ni chakula cha mgonjwa.

Kazi iko kwa vitu vilivyojificha. Soseji nyingi zimechanganywa na unga wa ngano. Soya sosi, ile watu wanamwagia nyama ya mshikaki, kwa kawaida imetengenezwa na ngano. Majarini zingine zina maziwa, soma pakiti nyuma, yale maandishi madogo. Mafuta yaliyokaanga mandazi asubuhi usiyakaangie viazi jioni. Na posho mill, je? Mashine imetoka kusaga ngano ya mtu, halafu inakusagia mchele wako. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kikiitwa hakina gluteni, isizidi miligramu 20 kwa kilo. Hiyo ni vumbi tu.

Ndiyo maana mchele wa keki nilisaga mwenyewe. Jirani yetu wa kutoka Kisauni alinifundisha mkate wa kumimina: loweka mchele usiku kucha, saga kwa blenda na tui zito la nazi, weka sukari, hamira na iliki, acha uumuke, halafu pika moto mdogo kwa sufuria iliyopakwa mafuta. Hauna ngano, hauna maziwa, na watu wa Pwani wameula miaka na mikaka bila kuuita keki ya mzio. Mimi niliupamba na nazi iliyokunwa na vipande vya embe.

Shida ikawa watu. Anti mmoja alipiga simu Alhamisi: ataleta keki "ya ukweli", kwani watoto wa wenyewe watakula nini? Ati huyu mmoja atawekewa yake kando.

Hapo kwa "kando" ndipo nilikataa. Huyu msichana amekula kando bathdei zote za wenzake. Anabeba kontena lake, anakaa na viazi vilivyopoa, anaangalia. Na unajua vile tunafanya huku: mwenye bathdei anakata keki, analisha kila mtu, kila mtu anamlisha. Mwaka jana alilisha watu wote, na yeye mwenyewe alikuwa amefunga mdomo.

Nikamwambia, "Anti, heshima yako iko palepale, lakini ngano haiingii kwa hii nyumba Jumamosi. Leta baluni." Akanyamaza, akasema watoto wa siku hizi tuna mdomo, akakata simu.

Alikuja, na baluni. Wakati wa kukata, mpwa wangu alipita na kile kisu cha plastiki akilisha mmoja mmoja, na kila aliyelishwa akamrudishia. Kufika mtu wa nane mashavu yamejaa, nazi imemganda kidevuni, bado anafungua mdomo. Anti alimlisha mara mbili. Halafu akaniambia iliki imezidi.