Mama Asiye na Jina

Jamani, kuna vitabu vinavyokunyima usingizi bila kuwa na mzimu hata mmoja ndani yake. Wiki hii nimekutana na kimoja. Kinaitwa When the Emperor Was Divine, riwaya ya Julie Otsuka, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, na kilitoka mwaka 2002. Ni kitabu chembamba tu, foleni mbili za Dar zinakimaliza. Mimi nilikimaliza usiku mmoja, halafu nikabaki nimelala naangalia dari.

Habari yenyewe ni hii. Japani iliishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt akasaini amri namba 9066. Kutokana na amri hiyo, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa majumbani mwao, wengi wao kutoka majimbo ya pwani ya magharibi ya Marekani, wakapelekwa kambini. Karibu theluthi mbili yao walikuwa raia, waliozaliwa huko huko. Waliambiwa wachukue kile tu wanachoweza kukibeba wenyewe.

Hivyo ndivyo ambavyo ningeiandika mimi. Tarehe, namba, jina la rais. Mhariri angeipitisha bila kuigusa.

Otsuka haanzi hivyo. Anaanza na mama mmoja wa Berkeley, California, anayesoma tangazo lililobandikwa mtaani, anarudi nyumbani na kuanza kufunga mizigo. Mumewe ameshachukuliwa usiku, akiwa amevaa ndara. Mama huyu ana mbwa mzee, na wanyama hawaruhusiwi kwenda. Basi anamlisha vizuri, anamuua kwa koleo, anamzika. Kisha anaendelea na kazi za nyumbani. Watoto wakirudi kutoka shule, hawaambii.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kidogo.

Na jina la mama huyu? Hakuna. Unafika ukurasa wa mwisho hujui anaitwa nani, wala wanawe hawajulikani majina. Mwanzoni nilikasirika, maana kazini tumefundishwa kwamba habari bila jina si habari. Baadaye nikaelewa. Kila familia iliyokwenda kambini ilipewa namba, na watu wakavaa vitambulisho vyenye namba hiyo. Bibi yake Otsuka alikuwa mmoja wao. Alipelekwa na watoto wake wawili, mmoja akiwa mama wa mwandishi, hadi kambi ya Topaz, jangwani Utah.

Mwaka 2011 Otsuka akatoa riwaya nyingine, The Buddha in the Attic, inayorudi nyuma zaidi. Hii inasimuliwa na "sisi", wasichana wa Kijapani waliovuka bahari mwanzoni mwa karne ya 20 kwenda kuolewa na wanaume waliowaona kwenye picha tu. Wanashuka bandarini San Francisco, picha mkononi, wanatafuta kijana mtanashati. Anayewapokea ni mzee, kwa sababu picha ile ilipigwa miaka mingi nyuma. Na zile barua tamu? Ziliandikwa na mtu mwingine.

Ndoa za picha zilikuwepo kweli, mpaka mwaka 1920 serikali ya Japani ilipoacha kutoa pasipoti kwa maharusi wa picha waliokuwa wakienda Marekani bara. Mwaka 1924 sheria ya Marekani ikafunga mlango kwa wahamiaji wa Kijapani. Waliokuwa wameshaingia walilima mashamba, walifua, walifanya kazi za ndani, lakini sheria haikuwaruhusu kuomba uraia hadi mwaka 1952. Kwa hiyo vita ilipofika, walikuwa wameishi huko miaka 20 au 30, na bado wakaitwa maadui.

Najua, riwaya si ushahidi. Mwaka 1988 Rais Ronald Reagan alisaini sheria ya kuomba radhi, na kila aliyepitia kambini na bado yuko hai akatengewa dola 20,000. Huo ndio ushahidi, upo kwenye kumbukumbu. Lakini yule mbwa utampata wapi kwenye kumbukumbu?

Sasa niseme kinachoniuma. Mwaka jana nilimhoji dada mmoja aliyekuwa amerudi kutoka kazi za ndani Ghuba. Naye alichaguliwa kwa picha, wakala aliituma na mwajiri akaipenda. Nikamuuliza umri, mshahara, miezi mingapi. Yeye alitaka kunisimulia habari za paka wa nyumba ile. Alikuwa akimsemesha Kiswahili kila usiku, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumsemesha. Nikaandika "paka" pembeni ya daftari, nikaendelea na mshahara. Jina akakataa kutoa. Basi habari ikafa, ikabaki mistari miwili ndani ya habari ya mtu mwingine.

Jana nimelitafuta lile daftari. "Paka" bado lipo pale pembeni, na namba ya simu chini yake. Nikapiga.

"We mwandishi," akasema, "unataka jina langu tena?"

"Hapana, dada. Nataka habari za yule paka."

Akacheka. Halafu akanyamaza kidogo, akaanza kusimulia.