DAMU KATIKA MKOJO SI JAMBO LA KUNYAMAZIA

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa ambao watu wengi huuonea haya. Ugonjwa huo ni kansa ya kibofu cha mkojo. Wengine huiita saratani. Kansa na saratani ni kitu kimoja.

Mimi si daktari. Ni mkulima kama wewe. Ugonjwa huu nimeujua kwa sababu ulimpata mjomba wangu, kaka yake mama. Yeye mwenyewe aliniambia, "Andika, mjomba. Wengine wasingoje kama nilivyongoja mimi." Kwa hiyo naandika kwa ruhusa yake.

KIBOFU NI NINI?

Kibofu ni mfuko ulio chini ya kitovu, ndani ya tumbo. Figo zetu huchuja damu na kutoa mkojo. Mkojo huteremka na kukaa kibofuni mpaka mtu aende haja ndogo. Kansa huanza pale sehemu ndogo ya ukuta wa kibofu inapoota bila mpango. Inaota kama magugu shambani. Usipoyang'oa mapema, magugu huenea na kuua mazao.

Kansa hii haiambukizi. Unaweza kula na mgonjwa, kulala naye na kumfulia nguo. Hailetwi na uchawi wala laana.

KICHOCHO NA KANSA

Sisi tunakaa mkoa wa Shinyanga. Tunalima mpunga kwenye majaruba. Mvua ikinyesha, majaruba hujaa maji, nasi huingia humo kupanda na kupalilia. Watoto huoga kwenye malambo na madimbwi. Katika maji hayo wamo konokono wadogo, na konokono hao hubeba kichocho.

Kichocho huendaje? Mgonjwa hukojoa majini. Mkojo wake una mayai ya minyoo. Mayai huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa vijidudu vingi hutoka tena majini. Wewe ukiingia, hupenya ngozi yako kwa dakika chache tu. Huoni kitu. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo, na hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu. Hapo hutaga mayai.

Mayai mengine hutoka na mkojo pamoja na damu. Mengine hukwama katika ukuta wa kibofu. Ukuta hupata vidonda na makovu. Mambo hayo yakiendelea kwa miaka mingi, kansa inaweza kuanza.

Jambo hili si la kubahatisha. Minyoo hiyo iligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Cairo nchini Misri mwaka 1851. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kichocho cha mkojo husababisha kansa ya kibofu. Si kila mwenye kichocho atapata kansa. Lakini hatari ipo.

Tumbaku nayo ni adui mkubwa. Sumu ya moshi wa sigara huingia katika damu. Figo huichuja na kuipeleka kibofuni. Hapo sumu hukaa pamoja na mkojo kwa saa nyingi, ikiunguza ukuta wa kibofu kidogo kidogo. Duniani kote, uvutaji wa tumbaku ndio chanzo kikubwa cha kansa hii.

YALIYOMPATA MJOMBA

Mjomba alipokuwa mtoto alikojoa damu, na wenzake pia. Wazee walidhani ni dalili ya mvulana kukua. Hakuna aliyepelekwa kupimwa.

Alipofika umri wa miaka 56, asubuhi moja aliona mkojo wake mwekundu, kama maji yaliyooshewa nyama. Hakusikia maumivu yoyote. Siku ya nne damu ilikatika. Akanyamaza. Baada ya miezi mitatu damu ilirudi. Akanyamaza tena. Mke wake aliona madoa kwenye shuka, akamwuliza. Mjomba akajibu, "Ni joto tu la mwili."

Mtoto wake ana simu ya kupangusa. Katika simu hiyo waliona tangazo la dawa. Tangazo lilisema kwamba dawa hiyo husafisha kibofu kwa siku saba, bila kupimwa wala kupasuliwa. Mwuzaji alisema watume fedha kwanza. Walituma. Zikaja chupa tatu kwa basi. Mjomba akanywa, na kweli damu ikakatika. Nyumba nzima ilifurahi.

Baada ya wiki tatu damu ilirudi, safari hii na mabonge. Walipompigia mwuzaji, simu yake haikupatikana.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nataka usome pole pole. Damu ya ugonjwa huu huja na kwenda yenyewe. Inaweza kukatika kwa wiki au kwa miezi. Mtu akiwa amekunywa mizizi, atasema mizizi imemponya. Akiwa amekunywa chupa, atasifu chupa. Kumbe kansa iko pale pale inakua. Damu kukatika si kupona.

KUPIMWA NA KUTIBIWA

Mwishowe mke wake alimchukua hadi zahanati. Mkojo ulipimwa. Mganga aliwaandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Huko alipigwa picha ya tumbo kwa mashine, ile ile wanayopimwa nayo mama wajawazito. Picha ilionyesha uvimbe ndani ya kibofu. Akapelekwa hospitali ya rufaa.

Kwenye hospitali ya rufaa madaktari walipitisha mrija mwembamba wenye taa katika njia ya mkojo. Kwa mrija huo waliona ndani ya kibofu kwa macho. Wakakata kinyama kidogo kwa ajili ya kupimwa. Hiyo ndiyo njia ya kujua kwa hakika kama ni kansa. Majibu yalikuja. Ilikuwa kansa.

Uvimbe ukigunduliwa mapema, mara nyingi huweza kuondolewa bila kutoa kibofu chote. Wa mjomba ulikuwa umeingia ndani ya ukuta. Madaktari walisema kibofu kitolewe. Wangetumia kipande cha utumbo kutengeneza njia mpya, na mkojo ungetoka ubavuni mwa tumbo na kuingia katika mfuko.

Mjomba alikataa. Alisema, "Mwanamume gani anakojolea tumboni? Nirudisheni nyumbani nikafe." Alikaa siku mbili bila kusema na mtu. Mke wake hakugombana naye. Alimwambia, "Baba watoto, mimi nataka uwe hai. Mkojo utoke popote unapotaka." Mjomba akatia sahihi.

Ng'ombe wawili waliuzwa. Leo ni mwaka wa tatu. Mjomba hufukuza ndege shambani, huhudhuria misiba na harusi, na mfuko wake huufunika kwa shati. Daktari hajamwambia kuwa amepona kabisa. Humwita kumpima kila baada ya miezi kadhaa, naye hakosi.

SIMU NI MSAADA, LAKINI SI DAKTARI

Sisemi tutupe simu. Wewe sasa unajua kusoma, na simu inaweza kukusaidia. Unaweza kusoma maelezo ya Wizara ya Afya. Unaweza kupiga simu hospitali kuuliza siku ya kliniki kabla ya kupoteza nauli. Unaweza kuandika dalili zako, na tarehe damu ilipotoka, ili umweleze daktari vizuri.

Lakini simu haiwezi kuona ndani ya kibofu chako. Mtu anayekuuzia dawa bila kukupima, akataka fedha kwanza, na kudai dawa moja hutibu magonjwa kumi, huyo mwepuke.

MAMBO YA KUFANYA

Ukiona damu katika mkojo hata mara moja, nenda zahanati. Nenda hata kama huna maumivu, na hata kama damu imekatika. Nenda pia kama unakojoa mara kwa mara, kwa uchungu, au unaumwa chini ya kitovu.

Kina mama, msidhani kila damu ni ya hedhi. Kichocho huwapata wanawake pia, na huweza kuumiza viungo vya uzazi. Watu wasiojua humsingizia mwanamke ugonjwa wa zinaa.

Kwa kupima kichocho, mkojo mzuri ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli. Watoto wakipewa vidonge hivyo shuleni, tusiwazuie. Lakini kumbuka, vidonge hivyo huua minyoo ya kichocho. Haviponyi kansa.

Tuchimbe vyoo na tuvitumie. Tusikojoe majini. Watoto wasichezee madimbwi. Anayevuta sigara na aache.

Ukipewa barua ya rufaa, usiiweke chini ya godoro. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutibu kansa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutibu pia. Kama fedha ni tatizo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali. Eleza hali yako bila haya.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Msomee jirani yako asiyejua kusoma habari hii. Kisha mwulize kwa upole kama yeye, au mtoto wake, amewahi kuona damu. Akisema ndiyo, mfuatane naye kesho asubuhi hadi zahanati.