Mikono Juu ya Mikono

Neno: 2 Wafalme 13:14-21



Asanteni kwa jumbe zenu za pole. Wiki iliyopita tulimzika mzee wangu kule Kitui Kusini, upande wa Ikutha, na wengi wenu mmeniuliza kama alikuwa baba yangu mzazi. Hakuwa. Hatukuwa hata ukoo mmoja. Alikuwa jirani, na kazi yake ilikuwa kutengeneza pinde na mishale. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 11. Mwaka huo huo mzee huyu alimwambia mama, "Huyu kijana akitoka shule, awe anakuja kwangu anisaidie kazi." Tangu siku hiyo nilimwita Babu.

Leo sitahubiri sana. Nataka uone kitu kimoja katika Neno, halafu nikusimulie habari za Babu.

Fungua Biblia yako usome mistari hiyo taratibu. Elisha ni mgonjwa, na ugonjwa huo ndio utakaomwondoa duniani. Mfalme Yoashi anakuja akilia. Elisha anamwambia achukue upinde na mishale, aushike upinde. Kisha nabii anaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme. Dirisha la mashariki linafunguliwa, mshale unatoka. Baadaye mfalme anaambiwa apige chini kwa mishale iliyobaki. Anapiga mara tatu, anaacha, na mtu wa Mungu anamkasirikia.

Sisi wahubiri tunapenda sana hiyo "mara tatu". Umeshasikia mahubiri yake: usiishie njiani, piga mpaka ushindi kamili! Amina. Lakini ule mstari wa 16 tunaupita kama matatu inavyopita steji isiyo na abiria. Yoashi alikuwa mfalme na mpiganaji. Kuvuta upinde alijua. Kwa nini basi mgonjwa wa kitandani aweke mikono yake pale?

Mimi nilianza kuuelewa mstari huo kwenye ua wa Babu, kabla sijaokoka na kabla sijajua chuo cha Biblia ni nini.

Upinde wa Kikamba, sisi tunauita uta, ni mti mmoja mtupu, haukuunganishwa na kitu. Babu alipenda mulawa, mti ule ule ambao watoto hula matunda yake madogo huko porini. Aliweza kutembea nusu siku akitafuta tawi moja lililonyooka, lisilo na fundo. Akilipata, analikata, analitoa maganda, analiacha likauke kivulini. Haraka hakuwa nayo. Mti mbichi ukiuvuta unapinda na kubaki umepinda. Ukishakauka, anaupasha moto juu ya makaa akiunyoosha, anaupaka mafuta, kisha anaanza kuupunguza kwa kisu. Mwisho anamalizia kwa kipande cha chupa iliyovunjika.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Upinde una pande mbili, ya juu na ya chini, na lazima zipinde sawasawa. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenzake, mshale hauendi vizuri, na siku moja upinde unavunjika mkononi mwako. Mti huwezi kuuongeza, unaweza kuupunguza tu. Kwa hivyo unakwaruza kidogo, unavuta kidogo, unaangalia, unakwaruza tena.

Siku aliponipa kile kipande cha chupa hakunieleza chochote. Alikaa nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu, tukakwaruza pamoja. Mikono yake ilikuwa migumu kama gome. Tulipofika mahali fulani akausimamisha mkono wangu na kuuliza, "Umesikia?"

Nikasema, "Hapana, Babu."

"Hapa mti unakataa," akasema. "Rudia."

Ilipita miezi kabla vidole vyangu havijaanza kusikia kile ambacho vidole vyake vilikuwa vinasikia.

Ndugu yangu, dada yangu, mwaka ule hata mimi nilikuwa na mahali palipokataa. Baada ya mazishi ya baba nilikuwa nimeacha kuongea. Mwalimu akiuliza swali, nanyamaza. Mama akiniita, naenda lakini nanyamaza. Watu wazima walinishauri, walinikemea, mmoja alisema niombewe. Babu hakuniuliza kitu. Jioni baada ya jioni mikono yake ilikuwa juu ya mikono yangu, tukikwaruza mti. Ilipokaribia Krismasi, mama alikuwa anapita njiani na kuni kichwani akanisikia nikicheka. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba aliutua mzigo pale pale njiani na kumshukuru Mungu.

Ninajua kuna mtu atasema, "Pasta, hayo mambo ya pinde si ya kienyeji?" Soma Kutoka 31. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema alijazwa Roho wa Mungu ni fundi, Bezaleli, na alijazwa ili afanye kazi ya mikono. Usidharau fundi.

Sasa nikuambie habari ya alama.

Babu aliwinda katika ujana wake, kabla ya serikali kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Wawindaji wa Kikamba walikuwa na desturi: kila mtu alichonga alama yake kwenye mishale yake. Mnyama akianguka mbali, mshale ndio uliosema nyama ni ya nani. Baada ya marufuku Babu aliacha kuwinda. Akawa anawatengenezea pinde wachunga mbuzi wa kufukuza fisi, na walinzi wa usiku waliokwenda kutafuta kazi Nairobi. Hata hivyo kila mshale uliotoka kwake uliendelea kuwa na alama yake.

Katika miaka ya themanini, wakati ndovu wa Tsavo walipokuwa wakimalizwa kwa ajili ya pembe, watu walimjia na pesa. Tsavo iko karibu nasi. Walitaka mishale ya sumu. Babu alikuwa na watoto sita, na ulikuwa mwaka wa njaa. Alikataa. Aliwaambia, "Mshale wenye alama yangu ukipatikana ndani ya ndovu, nitasema nini?"

Wakamwambia, "Basi usiweke alama, mzee."

Akawajibu, "Ninyi hamtaiona. Mimi nitajua ipo."

Hawakurudi. Watoto wake wanakumbuka kwamba msimu huo walikula mara moja kwa siku.

Mapema mwaka 2008 nilikuwa nimekwenda kumwona. Unakumbuka siku zile baada ya uchaguzi. Redio ilikuwa inaeleza juu ya watu wa Bonde la Ufa waliofikishwa hospitalini wakiwa na mishale mwilini. Babu akaizima. Akakaa muda mrefu akiangalia ua wake, kisha akaniuliza, "Aliyeutengeneza anajua uko wapi sasa?" Watu wale hakuwajua, na kutoka kwetu mpaka kule ni mbali sana. Lakini mwezi ule mzima hakugusa kisu chake.

Mpendwa, Yeremia 9:8 unafananisha ulimi na mshale unaoua. Ujumbe ule unaoutuma kwenye grupu ya WhatsApp usiku, ule wa kutukana kabila la mwenzako, hata ukiutuma kwa jina la bandia, una alama yako. Mungu anaisoma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mazishi.

Ile sumu ya mishale hutoka kwenye mti tunaouita kivai. Vipande vya mti huo huchemshwa muda mrefu mpaka maji yanakuwa mazito na meusi kama lami. Kisha hupakwa kwenye mshale, na mshale hufungwa kwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke. Ikiingia kwenye damu husimamisha moyo. Nilipokuwa chuoni nilisoma kwamba ndani ya miti ya jamii hiyo mna kitu kinaitwa ouabain, na kwamba madaktari wa Ulaya walikitumia kwa miaka mingi, kwa kipimo kidogo kabisa, kuwasaidia wagonjwa wa moyo. Nilipomwambia Babu alicheka sana. "Kwa hivyo tofauti ni kipimo tu?" Mzazi, fikiri juu ya hilo kabla hujamkaripia mtoto wako leo jioni.

Nilipokuwa kijana wa miaka 15 hivi, nilikuwa tayari najua kuchagua mti, kuunyoosha, kuukwaruza, kusokota kamba ya upinde kwa kano za ng'ombe, na kufunga manyoya kwenye mshale. Nikamwomba anifundishe na kivai. Alikuwa anajua vizuri, baba yake alimfundisha. Akaniangalia, akasema, "Hiyo itakwenda na mimi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nilipewa vyote. Wewe nakupa upinde."

Wapendwa, yule mzee hakusoma hata darasa la kwanza, lakini ninaona alielewa kazi ya baba kuliko wengi wetu. Kila mmoja wetu amepokea upinde na sumu kutoka nyumba moja. Ulipokea bidii ya baba yako, na ulipokea hasira yake. Ulipokea maombi ya mama yako, na pia uchungu wake dhidi ya shangazi zako. Ulipokea lugha ya kwenu, nyimbo za kwenu, na pia ile habari ya kwamba watu wa kabila fulani si wa kuaminiwa. Vyote vilikuja kwa mikono iliyokupenda. Sasa mikono yako iko juu ya mikono ya mtu mdogo, na wewe ndiye unayeamua ni kipi kinaendelea na kipi kinaishia kwako.

Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimchukua mwanangu mwenye miaka 14. Babu alikuwa kitandani, macho yamekwisha, sauti imekuwa ndogo. Aliomba ateremshiwe upinde aliokuwa hajaumaliza, uliokuwa umechomekwa kwenye dari. Akamwita mwanangu akae kando ya kitanda, akaweka mikono yake juu ya mikono yake, wakakwaruza. Vumbi la mti lilianguka juu ya blanketi. Baada ya muda akamsimamisha. "Umesikia?"

Mwanangu akaniangalia mimi kwanza, halafu akasema ukweli. "Hapana, Babu."

"Utasikia," akasema, akaiacha mikono yake pale.

Nilijibiwa swali langu la mstari wa 16. Elisha hakuwa na muda wa kumweleza Yoashi kila kitu. Maelezo yanasahaulika. Mkono wa mtu aliyekutangulia ukikaa juu ya mkono wako, unapata kitu ambacho hata mahubiri mazuri hayakupi. Ndivyo Musa alivyomfanyia Yoshua, na Paulo akamfanyia Timotheo. Kama huna nguvu za kuvuta tena, mikono bado unayo.

Siku ya mazishi mkwe wake alinionyesha nyuma ya nyumba. Chungu cha kivai kilikuwa kimevunjwa vipande vipande, na vipande vimefukiwa. Babu aliagiza hivyo mwaka jana. Katika watoto wake wote, hakuna aliyefundishwa kuipika.

Sasa malizia kusoma mstari wa 20 na 21. Elisha anakufa, anazikwa. Baadaye watu wanamtupa maiti ndani ya kaburi lake kwa haraka, yule maiti anagusa mifupa ya nabii, na anafufuka. Hata kaburi lake lilikuwa na uhai! Jiulize mpendwa, siku wajukuu zako watakapogusa ulichoacha, watapata nini?

Wiki hii nakuomba ufanye mambo mawili.

La kwanza: tafuta mtoto mmoja asiye na baba, au mwenye baba aliye mbali. Mtaani kwetu wako wengi, na wengine wanakaa benchi la nyuma kanisani kila Jumapili wakitoka kabla ya baraka. Usimpe mawaidha. Mpe kazi, ufanye naye. Kama wewe ni fundi wa nguo, mkalishe kwenye cherehani. Kama unatengeneza pikipiki, mpe spana. Kama unapika chapati, mwache asukume, hata zikitoka ramani ya Kenya. Kaa naye miezi. Usitegemee asikie siku ya kwanza.

La pili: kaa mbele za Bwana na utaje kwa jina ile sumu uliyorithi. Itaje tu, wewe na Mungu. Kisha sema kama Babu: hii itakwenda na mimi. Na usingoje mpaka uwe kitandani ndipo uvunje chungu.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, asante kwa kila mkono uliowekwa juu ya mikono yetu tulipokuwa hatujui kitu. Wafariji waliofiwa wanaosoma hapa. Wape yatima wetu watu wa kukaa nyuma yao na kuwashika. Tupe hekima ya kujua kipi tukabidhi na kipi kiishie kwetu. Vunja kila chungu cha uchungu nyumbani mwetu, na watoto wetu wasijue hata jinsi ya kukipika. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu aliyekushika mkono, na bado yuko hai, mpigie simu leo kabla hujalala. Kama amelala, andika hapa chini alichokufundisha. Nitasoma yote.

Mbarikiwe. Tuonane Jumapili.