Sauti ni ya mashini? Msikilizaji aambiwe

GOMA – Mwanzoni mwa mwaka 2025, makambi ya Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya yalibaki tupu. Familia zilizokuwa humo zilitawanyika: wengine walirudi kwao Masisi au Rutshuru, wengine wako kwa ndugu, wengine hawajulikani walipo. Wengi hupata habari za jamaa kwa redio na kwa simu. Mtu akisikia sauti ya mama anayelilia watoto wake, anatega sikio: labda ni dada yangu.

Leo akili bandia inaweza kutengeneza sauti kama hiyo, tena na picha, wimbo au mchezo mzima wa redio. Kuitumia si dhambi. Kijana mwenye hadithi nzuri asiye na studio wala waigizaji anaweza kusaidiwa. Lakini anayesikiliza aambiwe.

Kuna waliosema wazi. Mwaka 2023, mpiga picha Mjerumani Boris Eldagsen alishinda katika mashindano ya Sony World Photography Awards, kisha akakataa tuzo na kueleza kwamba picha yake ilitoka kwa akili bandia. Januari 2024, mwandishi wa Japani Rie Kudan alipewa tuzo ya Akutagawa, akasema mwenyewe kwamba alitumia ChatGPT katika sehemu ndogo ya kitabu.

Hata hivyo, kusema tu hakutoshi. Mwaka huohuo wa 2023, Amnesty International ilitoa picha za akili bandia kuhusu maandamano ya Kolombia ya 2021, kwa nia ya kuficha sura za waandamanaji. Maandishi madogo yalieleza hivyo. Watu walilalamika, na picha zikaondolewa. Sababu inaeleweka: picha ya kutengenezwa inampa mkanaji nafasi ya kukana hata mateso ya kweli.

Redioni hakuna maandishi madogo. Tangazo litoke kinywani, kwa Kiswahili chepesi: “Hadithi tumeiandika sisi, sauti ya mama imetengenezwa na mashini.” Lisemwe mwanzoni na mwishoni, maana kuna anayefungua redio katikati. Kama ni wimbo wa kutumiana kwa simu, maneno hayo yawe ndani ya wimbo wenyewe. Yaliyoandikwa pembeni hupotea mtu wa pili akiutuma.

Aliyekimbia vita amepoteza nyumba, shamba, na mara nyingi jamaa. Asifanywe kumtafuta mtu ambaye hakuwahi kuwepo.