Tezi na Sukari

Mdogo wangu alipatwa na kisukari akiwa na umri wa miaka 11, kisukari kile ambacho aghalabu huanza utotoni na hakitulizwi ila kwa insulini. Nyumbani kwetu Mbweni sindano ilikuwa na saa zake kama sala, nasi tukadhani tumekwisha ujua ugonjwa ule.

Alipotimiza miaka 19 mambo yaligeuka. Akawa mzito wa kunena na mzito wa kuamka. Alijitanda kitenge mchana wa Januari, wakati jua la pwani lilipowafukuza hata kuku uani. Ajabu zaidi, mwili ulinenepa na sukari ikapungua. Kipimo kile kile cha insulini alichokizoea kikawa kinamwangusha alfajiri, jasho likimtoka, maneno yakimpotea. Mimi, mkubwa wake na msomi wa nyumba, nilimshitaki mbele ya mama kwamba anajishindisha njaa makusudi. Alilia, akasema, "Kaka, nakula mbele yako." Sikumsadiki.

Daktari aliyemwona baadaye hakuanza na chakula. Alimshika shingo, akamwambia ameze mate, kisha akaagiza damu ipimwe. Tezi ya shingo, ikaayo mbele ya koo mfano wa kipepeo, ilikuwa imelegea. Tezi hiyo ndiyo iongozayo kasi ya mwili: ikilegea, insulini hukawia kuondoka katika damu, na ini hutoa sukari kidogo, ikizidisha kazi, sukari hupanda.

Watu wa pwani twalijua rovu kwa kusikia, kuwa ni maradhi ya nyanda za juu, Iringa na Mbeya, ambako madini joto ni haba. Sisi tulao samaki twajiona tumesalimika. Lakini hili halikuwa jambo la chumvi wala samaki. Askari wa mwili waliokwisha kuziangamiza chembe za kongosho zitengenezazo insulini walikuwa wamehamia shingoni. Mjapani Hakaru Hashimoto alizieleza tezi za namna hii mwaka 1912, miaka 10 kabla ya mgonjwa wa kwanza kupigwa sindano ya insulini mjini Toronto; undugu wa magonjwa hayo mawili haukujulikana ila baadaye sana. Ndiyo sababu mwenye kisukari cha namna hii hushauriwa apimwe tezi, hata kama haoni dalili.

Sasa humeza kidonge alfajiri kwa maji matupu, akangoja kabla ya chai. Insulini yake ilirudi polepole kwenye kipimo cha zamani. Chai naichemsha mimi. Siku ya kwanza nilimwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimetia tangawizi.