Ukiona Vyaelea: Fundi wa Jua Kali na Mustakabali wa Uundaji wa Bidhaa

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii ina harufu ya pwani na majahazi, na aghalabu hutumiwa kumkumbusha mwenye kufaidi kwamba nyuma ya kila chombo kuna mikono iliyokitengeneza. Hata hivyo, haisemi lolote juu ya fundi anayeunda chombo kutokana na chombo kingine kilichokwisha kufa. Fundi wa aina hiyo hatafutwi ufuoni. Hupatikana Kamukunji jijini Nairobi, jirani na soko la Gikomba, mahali ambapo mshindo wa nyundo humfikia mgeni kabla macho yake hayajaona kitu.

Malighafi yake aipendayo ni pipa la mafuta lililostaafu. Hulipasua kwa tindo, akalifungua kama mtu afunguaye mkeka, kisha akalilaza juu ya kipande cha reli na kuligonga mpaka linyooke. Kipande hicho cha reli ndicho fuawe yake, ingawa neno fuawe limejifungia kamusini, na atakayelitamka hapo huenda akaulizwa ni dawa ya ugonjwa gani. Bati likishanyooka hukatwa kwa mkasi, likapindwa na kufungwa kwa ribiti. Humo hutoka majiko, makarai, mabeleshi na vifuniko. Ifikapo Januari, wazazi wa wanafunzi wanaojiunga na shule za bweni huja kutafuta masanduku, na nyundo hubadili mdundo. Kinachotupwa ni haba mno. Shughuli hii leo huandaliwa makongamano kwa jina la kupendeza, uchumi wa mzunguko, na wanaoyahutubia huieleza kana kwamba imevumbuliwa juzi.

Jina la jua kali lenyewe latokana na mahali pa kazi. Mafundi walifanya kazi nje, pasipo paa, jua likiwachoma utosini. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieneza ulimwenguni istilahi ya sekta isiyo rasmi, yaani sekta inayotambuliwa kwa kile inachokosa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, na baadaye vibanda vikajengwa. Paa likapatikana, jina la jua likabaki.

Ili kufahamu yanayomkabili fundi huyu sasa, yafaa kurudi nyuma hadi Agosti 1981, Umoja wa Mataifa ulipofanyia Nairobi mkutano kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Hofu ya wakati huo ilikuwa miti. Jiko la makaa lililozoeleka mijini lilikuwa la bati tupu, na joto lake jingi lilipotelea ubavuni badala ya kupanda kwenye sufuria. Wataalamu, miongoni mwao Max Kinyanjui, wakishirikiana na Wizara ya Nishati na shirika la KENGO, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalioanisha na lile la bati la Kenya. Likazaliwa jiko lenye kiuno chembamba mithili ya ngoma, mdomo mpana na tumbo la juu lililovikwa udongo uliochomwa tanurini. Udongo huo hulishika joto lisitoroke.

Haikuwa safari ya mserereko. Katika majiko ya mwanzo udongo ulipasuka, na akina mama waliopikia hawakunyamaza. Malalamiko yao yalirudi kwa mafundi na wataalamu, umbo likarekebishwa. Lakini jambo lililo kubwa kuliko yote ni kwamba ujuzi wenyewe haukufungiwa. Fundi aliyeliona jiko hilo kwa jirani angeweza kulipima kwa shibiri, akakata lake, akanunua udongo kwa wafinyanzi na kuuza kesho yake. Ndiyo sababu jiko hilo lilienea nchini, likavuka mipaka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Katika miaka hiyo, teknolojia na kilio cha mazingira vilimfikia fundi katika sura aliyoweza kuishika kwa mikono yake.

Sura hiyo imebadilika. Kwa sasa vinamfikia katika umbo la karatasi.

Mfano wa karibu ni wa Januari 2022. Umeme ulipotea karibu nchi nzima baada ya minara ya kuusafirishia kuanguka, na waliolaumiwa ni wezi wa vyuma. Tarehe 20 mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Mei. Mgala muue na haki yake mpe: waharibifu wa minara wapo, na hasara yao humwangukia kila mtu. Isitoshe, Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 ilikwisha kuwataka wafanyabiashara wa vyuma wawe na leseni. Lakini fundi wa jiko hakuwa mwizi wala wakili. Alinunua bati kwa msukuma mkokoteni, kwa kilo, kwa neno la mdomo. Chuma kilipotakiwa kieleze nasaba yake, hakuwa na cheti cha kuonyesha.

Kwa upande wa pili wa jiji, huko Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, kuna kiwanda cha kampuni ya Burn. Jiko lake la makaa lijulikanalo kama Jikokoa liliingia sokoni mwaka 2013. (Wanaisimu watatabasamu hapa: jiko na okoa vimekutana, irabu moja ikadondoshwa, na bidhaa ikapata jina ambalo huenda kamati ya istilahi ingelijadili miaka mitatu.) Kiwandani bati hukatwa na kukandamizwa kwa mashine, kila kipande sawa na mwenzake, na jiko hupimwa katika maabara. Itakuwa dhuluma kulidharau. Hutumia makaa machache kuliko lile la bati tupu, na walioliunda ni Wakenya wenye mishahara, wala si majini. Kadhalika, umeme wa gridi ya Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo hata mashine zinazoendeshwa kwa umeme huo zina moshi mchache nyuma yake kuliko za nchi nyingi zilizotangulia kwa viwanda.

Tofauti kati ya Kamukunji na Ruiru, basi, haiko katika mashine peke yake. Jiko la kisasa huuzwa mara mbili. Mara ya kwanza huuzwa kwa mpishi. Mara ya pili kinachouzwa ni moshi ambao haukutoka: makaa yaliyookolewa hukadiriwa, yakageuzwa kuwa tani za hewa ya kaboni, na hati zake zikanunuliwa na kampuni za mbali zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Fedha hizo hushusha bei ya jiko dukani. Baadhi ya magazeti huziita hati hizo mikopo ya kaboni, ingawa hakuna anayekopa wala anayekopeshwa; wanafunzi wa tafsiri wana kazi hapo. Kenya iliingiza masoko haya katika sheria mwaka 2023, iliporekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi.

Kuingia katika soko hilo kunahitaji vipimo vya maabara, nambari kwa kila jiko, kumbukumbu za wanunuzi na wakaguzi. Baadhi ya majiko ya umeme ya siku hizi yana kifaa kinachotuma taarifa za matumizi kupitia mtandao wa simu, hivi kwamba jiko lenyewe ndilo shahidi. Fundi wa Kamukunji humuuzia mtu ambaye hata jina hamwulizi. Huenda jiko lake la udongo likaokoa gunia zima la makaa katika nyumba fulani ya Kariobangi, lakini gunia hilo halimo katika daftari lolote, na soko halilipi lisichokiona.

Je, daftari hilo husema kweli daima? Januari 2024 jarida la Nature Sustainability lilichapisha utafiti wa Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya kuhusu miradi ya majiko katika nchi mbalimbali. Waligundua kwamba miradi waliyoichunguza ilikuwa imepewa hati takriban mara 9 ya zile ilizostahili kwa hesabu yao. Inafaa kukumbukwa kuwa Kammen ndiye yule yule aliyeandika mwaka 1995 kulisifu jiko la udongo la Kenya na namna lilivyoenea, kwa hivyo hakuwa adui wa majiko akitafuta makosa. Utafiti huo haukusema kwamba majiko hayafai. Ulisema kwamba kalamu ilikwenda mbali kuliko moto.

Kwa viwanda vikubwa nako hali ni hiyo hiyo. Tangu Oktoba 2023 waagizaji wa chuma, saruji na alumini katika Umoja wa Ulaya wametakiwa kuripoti kiasi cha kaboni kilichotoka wakati bidhaa hizo zilipotengenezwa. Hesabu imekuwa sehemu ya bidhaa, kama kifuniko kilivyo sehemu ya sufuria. Kiwanda kina idara ya kuifanya. Fundi ana penseli aliyoipachika nyuma ya sikio, nayo ni ya kuchora mahali pa kukata.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kijana anayejifunza kazi Kamukunji hujifunza kwa kutazama, na kinachohatarishwa si riziki yake pekee bali pia njia ile iliyomwezesha baba yake wa kazi kulipokea jiko la udongo bila kuomba ruhusa ya mtu. Aghalabu uboreshaji wa leo huja umefungwa katika nambari za siri na mashine zisizonakilika kwa shibiri. Vyama vya mafundi vingeweza kukodi maabara kwa pamoja, majiko yao yakapimwa na kuwekwa alama. Vyuo vikuu, ambavyo havikosi wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti, vingeweza kuwasaidia kuhesabu. Si jambo gumu kuliko lile la kumfundisha fundi kuvika bati udongo, nalo lilifanyika.

Kwa sasa biashara huendelea kwa kauli ya kale. Mteja huliinua jiko, akaligonga kwa ukucha kusikiliza udongo.

"Fundi, hili litakula makaa kiasi gani?"

"Mama, hili halili. Linaonja tu."

Mama hucheka, akataja nusu ya bei.